Herufi 24 Zilizokosekana

Mama alifika kabla ya saa mbili asubuhi, akaketi kwenye benchi la mapokezi na kuweka kikapu cha angara, samaki waliokaushwa, miguuni pake. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba jana jioni aliweka pesa, risiti ikamponyoka akiwa juu ya boda, na sasa anaomba aone pesa zake zimeandikwa.

Hazikuwa zimeandikwa.

Mimi nilikuwa nimekaa chini nyuma ya kaunta, mgongo ukutani, kompyuta mapajani. Nilimsikia kila neno. Dada wa kaunta aligeuka akanitazama, nami nikainamia skrini, maana jibu la mama, kama lilikuwepo popote, lilikuwa ndani ya faili moja lililokatika katikati ya mstari.

Wiki sita zimepita. Suala lilikwisha, vitabu vikafungwa, mimi mwenyewe nikalipwa. Lakini bado naamka usiku nikihesabu herufi, na ndiyo sababu naandika.

## Saa moja na dakika arobaini na moja

Siku iliyotangulia, mtandao ulikatika saa tisa alasiri. Hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hilo si habari. Kaunta iliendelea kufanya kazi kwa sababu seva ya Sacco, chama cha kuweka akiba na kukopa, iko chumba cha nyuma, si Kampala. Kinachokwenda Kampala ni logi tu: kila amana, kila pesa inayotolewa, inaandika mstari mmoja, na programu iitwayo rsyslog inausafirisha mstari huo hadi kwenye seva ya pili. Njia ikikatika, mistari inapanga foleni kwenye diski, ndani ya /var/spool/rsyslog, ikisubiri.

Saa kumi na dakika arobaini na moja umeme nao ukaondoka. Tangu West Nile, eneo letu hili, iunganishwe na gridi ya taifa mwaka 2024 tulikuwa tumeanza kuzoea raha, na betri za UPS, kifaa kinachoishikilia seva umeme ukikatika, zilikuwa zimezeeka bila mtu kuzipima. Mlio mmoja mrefu, kisha kimya.

Seva ilipowaka tena, hifadhidata ilikuwa imeharibika. Tukarudisha nakala rudufu ya usiku wa manane. Logi zilizokuwa zimeshafika Kampala zikatupatia kazi yote ya siku ile hadi saa tisa. Kilichobaki ni shimo la saa moja na dakika arobaini na moja. Pesa za muda huo zilikuwemo kwenye sefu, noti kwa noti. Hazikuwa na majina.

Majina yalikuwa kwenye foleni.

Niliwahi kuamua, mimi na si mtu mwingine, kwamba logi za amana zisiandikwe pia kwenye faili la kawaida pale pale Arua. Diski ilikuwa ndogo, nikaona ni kurudia kazi. Kwa hiyo nakala pekee ya saa hiyo moja na ushee ilikuwa ni foleni iliyoanguka pamoja na mashine yake.

## Daftari zipo, kikaratasi hakipo

Ndani ya folda nilikuta mafaili matatu, majina yake yakiishia na 00000017, 00000018 na 00000019. Nilivuta pumzi. Kisha nikatafuta faili la nne, lile dogo linaloishia na .qi. Halikuwepo.

Mfikirie karani mwenye daftari nyingi zilizojaa maandishi. Daftari hazimtoshi. Anahitaji kikaratasi kidogo kinachosema: nimesoma hadi daftari la 17, mstari huu, naandika kwenye daftari la 19, mstari ule. Faili la .qi ndilo kikaratasi hicho. Likikosekana, rsyslog ikiwaka inaanza foleni mpya, na daftari za zamani zinabaki zimelala, hakuna anayezifungua.

Na kwa nini halikuwepo? Kwa sababu kuna kipimo kinachoitwa queue.checkpointInterval, na thamani yake ya kawaida ni 0. Maana yake, kikaratasi kinaandikwa pale tu programu inapozimwa kwa utaratibu. Umeme hauagi. Waliotengeneza hawakukosea, kuandika kikaratasi kila mara kunapunguza kasi, na wanakuachia wewe uchague. Mimi sikuchagua. Niliiacha sifuri kwa kuwa niliikuta sifuri.

Kitu cha kwanza nilichofanya sawasawa siku ile, nami nafurahi nilikifanya kabla ya kuguswa na haraka ya wengine, ni kuzima rsyslog na kunakili mafaili yote matatu kama yalivyo. Nikayapiga sha256sum, hesabu inayolipa kila faili alama yake, ukigusa herufi moja alama inabadilika, nikaandika zile herufi 64 za kila faili kwa kalamu kwenye karatasi, nikampa dada wa kaunta asaini tarehe. Alicheka kidogo. Akasaini.

Nakala nikazihamishia kwenye kompyuta yangu, nikaiwekea rsyslog yake na kuiamuru imwage kila kitu kwenye faili moja la maandishi. Foleni iliyojeruhiwa huifufui kwenye mashine ile ile inayoendelea kuhudumia watu, na huiachii ipige mbio hadi Kampala kabla hujajua imebeba nini.

## Skripti ya Perl

Rsyslog ilianzishwa na Mjerumani, Rainer Gerhards, mwaka 2004. Kwenye msimbo wake, ndani ya folda ya tools, kuna skripti ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya Perl, iitwayo recover_qi.pl. Kazi yake ni moja: inapitia daftari zote, inahesabu rekodi zilizomo, inaona faili la kwanza ni lipi na la mwisho ni lipi, kisha inaandika kikaratasi kipya. Unaipa folda kwa -w, jina la foleni kwa -f, na idadi ya tarakimu za namba ya faili kwa -d, ambayo kwetu ni 8.

Niliivuta kwa intaneti ya simu, nikiwa nimesimama nje chini ya mwembe ambako mawimbi hushika. Ikafanya kazi mara ya kwanza. Ilihesabu rekodi 2,310, maana foleni haikubeba amana peke yake. Ilibeba pia kila neno ambalo mfumo ulijisemea mchana ule.

Nikawasha rsyslog, mistari ikamiminika. Nikachuja amana na pesa zilizotolewa, nikazijumlisha na zile za Kampala, nikapeleka jumla kwa meneja. Akafungua sefu, akahesabu, akaniita.

Logi ilidai pesa nyingi kuliko zilizomo sefuni. Shilingi 1,240,000 zaidi.

Hapo ndipo mikono ilianza kunitetemeka. Pesa zikipungua, kila jicho linamwangukia dada wa kaunta. Yeye alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa ameshasikia.

Ilinichukua karibu saa nzima kuliona, na ningeliona mapema kama ningetulia. Skripti haijui rsyslog ilikuwa imefika wapi kwenye faili la 17. Haina namna ya kujua, kikaratasi hakipo. Kwa hiyo inaanza mwanzo wa faili. Lakini rekodi za mwanzo wa faili lile zilikuwa zimeshasafiri kwenda Kampala kabla ya saa tisa. Faili lilikuwa halijafutwa tu, kwa sababu hufutwa pale linapokwisha lote. Amana tisa nilikuwa nazihesabu mara mbili.

Kila amana ina namba yake ya hati. Nikaondoa zilizojirudia kwa namba hizo, nikajumlisha upya.

Nilikwenda kumwambia dada kabla ya kumwambia meneja. Sijutii mpangilio huo.

Sasa logi ilikuwa chini ya sefu kwa shilingi 150,000 kamili. Pesa ziko, mwenyewe hajulikani. Na kwenye benchi alikuwa ameketi mama na kikapu chake, akisema aliweka laki moja na nusu.

## Mkia wa faili la 19

Kila rekodi kwenye foleni inaanza na <Obj:1:msg:1: na inaisha na >End, kisha nukta peke yake. Katikati kuna mistari inayoanza na alama ya kujumlisha, na kila mstari unajitangaza kabla haujasema: jina lake, aina yake, urefu wake, ndipo kilichomo. Ukubwa wa neno unatajwa kwanza, neno linafuata.

Faili la 19 lilikuwa na baiti 217,088. Ukigawa kwa 4,096 unapata 53 bila baki. Nilipoiona hesabu hiyo nilielewa lilikatwa na nini. Linux, mfumo unaoendesha seva yetu, haiandiki kwenye diski papo hapo. Inashika maandishi kwenye kumbukumbu yake kwa kurasa za baiti 4,096, na kwa kawaida yanaweza kukaa hadi sekunde 30 hivi kabla ya kushushwa. Kurasa 53 zilishuka. Ya 54 ilikuwa bado iko hewani umeme ulipoondoka.

Mstari wa mwisho wa faili ni huu. Namba ya mwanachama nimeifunika:

+pszRawMsg:1:91:<134>Oct  9 16:41:07 kaunta2 sacco: amana mwanachama=xxxxx kiasi=15

Basi. Hakuna kingine baada ya 5. Faili linaisha.

Maneno amana, mwanachama na kiasi niliyachagua mwenyewe tulipofunga mfumo. Watu wa kaunta hii wanazungumza Kilugbara nyumbani, na wafanyabiashara wanaotoka Ariwara, upande wa Kongo, wanakuja na lugha zao, lakini hesabu za sokoni zinapigwa kwa Kiswahili. Nilitaka siku karani akionyeshwa logi aweze kuisoma. Siku hiyo ilifika, na yeye na mimi tuliusoma mstari huo kwa pamoja, na wote wawili tukanyamaza.

Namba iliyokuwa kwenye mstari ilikuwa ya mama.

Kumi na tano nini? Elfu kumi na tano? Laki moja na nusu?

## Kuhesabu

Mstari unasema urefu wake ni 91. Nikahesabu zilizopo, herufi, tarakimu na nafasi, moja baada ya nyingine, nikitumia ncha ya kalamu kwenye skrini kama mtoto. Sitini na saba. Zimekosekana 24.

Baada ya kiasi, mstari wa amana huishia namna moja siku zote: nafasi, karani= na tarakimu mbili, nafasi, hati= na tarakimu nne. Hizo ni 20, hazipungui wala haziongezeki. Ukiondoa 20 kwenye 24 unabaki na 4. Kwa hiyo baada ya 15 kulikuwa na tarakimu nne. Elfu kumi na tano ingehitaji tatu tu.

Ni laki moja na nusu na kitu. Kati ya 150,000 na 159,999.

Mwili ulinisisimka, nakiri. Faili lililovunjika lilikuwa limenitajia ukubwa wa neno ambalo halikupata kulimaliza.

Nikamwita meneja, nikamweleza. Ni mtu mwema, anaelewa upesi. Alitazama 15, akatazama karatasi ya sefu iliyosema 150,000, akamtazama mama kupitia kioo. Akasema, "Si basi? Jaza sifuri nne, malizia mstari, uingize kwenye mfumo. Mama aende zake sokoni."

## Nilizijaza

Nilifungua nakala kwenye kihariri. Nikaandika 0000. Nikaongeza karani=02, maana ndiye aliyekuwa kaunta ya pili. Namba ya hati nikaipata kwa kuongeza moja kwenye hati iliyotangulia. Nikafunga rekodi kwa >End na nukta.

Mstari ulikuwa mzuri. Herufi 91 kamili.

Nikaupandisha juu kidogo nikalinganisha na rekodi zilizoutangulia, na hapo moyo ukashuka. Haukuwa na tofauti yoyote. Mtu mwingine akifungua faili lile mwaka ujao, mkaguzi, hakimu, au mimi mwenyewe nikiwa nimesahau, asingeweza kujua kwamba mstari huu mmoja haukuandikwa na seva saa 16:41:07. Uliandikwa na mimi, saa tano asubuhi, nikiwa na njaa, mbele ya bosi wangu, kwa sababu mama mmoja alikuwa ananihurumisha.

Na nilikuwa na hakika? Nilijiuliza kwa haki. Chukua kwamba mama aliweka 155,000, na baada yake, ndani ya zile sekunde ambazo ukurasa wa 54 ulikuwa ukijaa, mtu mwingine akatoa 5,000. Sefu ingebaki na 150,000 ile ile. Dada alisema hakumbuki mtu baada ya mama. Alikuwa amehudumia watu wengi na taa zikazimika ghafla. Namwamini kwamba hakumbuki. Kutokumbuka si kusema hakukuwa na mtu.

Nilikuwa na mambo matatu yanayokubaliana: urefu wa mstari, pesa za sefu, neno la mama. Hayo matatu yanatosha kumlipa mtu haki yake. Lakini mstari ule ulikuwa na kazi ya kuwa shahidi wa nne, na shahidi ukimfundisha cha kusema, umempoteza hata kwa yale aliyoyaona kweli. Mistari mingine yote kwenye foleni, iliyotoka mizima, ilikuwa inaaminika kwa sababu moja tu: hakuna mkono uliopita ndani yake.

Nikafunga bila kuhifadhi.

Meneja alikuwa bado amesimama nyuma yangu. "Mbona umefuta?"

Sikuwa na jibu zuri wakati ule. Nilimwambia, "Mzee, hili tuandike kwenye karatasi, tusiliandike kwenye logi." Alikaa kimya kiasi cha kunitia hofu juu ya mkataba wangu. Kisha akavuta kiti.

## Karatasi

Tuliandika ukurasa mmoja. Kwamba rekodi ya mwisho imekatika baada ya kiasi=15. Kwamba urefu uliotangazwa ni 91 na uliopo ni 67. Kwamba sefu ina 150,000 zisizo na mwenyewe. Kwamba mwanachama, kabla hajaonyeshwa chochote, alitaja 150,000. Kwamba kwa hayo ofisi inakubali kumwandikia kiasi hicho, kwa ingizo jipya la tarehe ya leo, lenye maelezo kuwa ni marekebisho. Meneja akasaini, dada akasaini, mimi nikasaini. Kwenye nakala ya kazi niliuondoa mkia uliokatika ili rsyslog isikwame juu yake. Faili la 19 la asili halikuguswa. Liko kwenye flashi ndani ya bahasha, ndani ya sefu, pamoja na ile karatasi ya sha256sum.

Usiku, nikiwa nyumbani, nilikumbuka nakala nyingine iliyobaki kwenye kompyuta yangu: namba za wanachama na pesa zao, sebuleni kwangu, wanangu wakicheza kwenye kiti cha pembeni. Uganda tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, nami nimewahi kuwafundisha makarani juu yake. Niliifuta usiku ule ule. Inaniuma kwamba niliibeba kupita getini bila hata kufikiri.

Mipangilio nimebadilisha. queue.checkpointInterval sasa ni 1, queue.syncQueueFiles, inayolazimisha maandishi ya foleni yashuke kwenye diski papo hapo, imewashwa, na logi za amana zinaandikwa pia kwenye faili la kawaida kwenye diski ya pili. Seva imekuwa nzito kidogo, makarani hawajaona tofauti. UPS ina betri mpya na waya wa kuiambia seva ijizime kwa adabu kabla chaji haijakwisha. Haya yote yangeweza kufanyika mwaka jana kwa mchana mmoja.

## Kidole

Tulipomaliza tulimwita mama ndani. Meneja akamsomea karatasi polepole. Alisikiliza hadi mwisho, akatia kidole gumba kwenye wino, akagonga.

Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapo pesa yangu ilipokatika, nionyeshe."

Nikamgeuzia skrini. Nikamwonyesha namba yake. Nikamwonyesha saa, kumi na dakika arobaini na moja. Nikamwonyesha 15. Akaweka kidole, bado kina wino wa bluu, mahali ambapo mstari uliishia, kwenye weusi mtupu wa skrini.

"Na hapa palikuwa na nini?"

"Hapa hapakuwahi kuandikwa, mama. Ila ilikuwa nafasi ya herufi ishirini na nne."

Alitikisa kichwa, taratibu, akaendelea kupatazama. Baadaye akabeba kikapu chake akatoka, maana jua lilikuwa limeshapanda na meza yake sokoni ilikuwa tupu. Doa la wino lilibaki kwenye skrini hadi jioni.